Umasaini: nani kashika kibuyu cha maziwa?

Wadau, Mmasai unayemjua wewe wa mjini ni mwanamume. Ni yule mlinzi wa getini mwenye rungu, au kijana anayesuka nywele akina dada, au mzee anayeuza dawa za mizizi pale stendi. Ukivuka kwenda Zanzibar unamkuta ufukweni anauza shanga kwa wazungu. Mkewe humjui. Mkewe yuko bomani, Longido, Kiteto, Simanjiro au Ngorongoro, na ile nyumba ya udongo na mavi ya ng'ombe unayoiona kwenye kalenda za watalii kaijenga yeye kwa mikono yake. Yeye ndiye anakamua, anachota maji, anatafuta kuni. Leo nataka tumzungumzie huyo. Anakula nini? Na kwa nini mwili wake unachoka mapema wakati tunaambiwa kila siku kwamba Wamasai ni watu wenye afya ya chuma?

Hiyo sifa ya afya ya chuma ina historia yake. Mwaka 1931 wataalamu wawili kutoka Uingereza, John Boyd Orr na Gilks, walichapisha utafiti wa Kenya uliolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Wamasai, watu wa maziwa, nyama na damu, wakaonekana warefu zaidi na wazito zaidi. Orr huyo ndiye baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945 na akapata Nobeli ya amani mwaka 1949, kwa hiyo maneno yake yalisafiri mbali. Mpaka leo ukimwambia mtu wa Dar kwamba mama wa Kimasai ana upungufu wa damu anakucheka. Eti anakunywa damu, atapungukiwaje damu?

Sasa ingia kwenye boma la kawaida miaka hii. Asubuhi chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Mchana uji, au hakuna kitu. Jioni ugali, au siku maziwa yakiwepo wanapika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Mboga za majani kidogo, matunda ndiyo usiulize. Nyama mpaka kuwe na sherehe, au mgonjwa, au ng'ombe kafa kwa ukame. Vijana wana orpul yao kule porini, wanachinja na kula nyama na supu ya mizizi kwa siku kadhaa, lakini kwa mila nyama ya morani haionwi na mwanamke aliyeolewa. Kutoa damu ya ng'ombe hai kwa mshale nako kumepungua sana, maana ng'ombe aliyekonda kwa njaa humtoi damu. Zamani damu hiyo ilikuwa pia dawa ya mama aliyetoka kujifungua.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za madini ya chuma kwa siku. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haina hata miligramu moja. Maziwa ni chakula kizuri sana kwa protini na mifupa, lakini kwa damu hayasaidii, na yakinywewa pamoja na chakula yanapunguza hata hicho chuma kidogo kilichomo kwenye mahindi. Chai nayo inafanya vivyo hivyo, inakamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Kwa hiyo mama anayeishi kwa chai ya maziwa na ugali anaweza kushiba na bado damu ikawa inaisha. Nyama, maini na damu ndivyo vilivyokuwa vinaziba pengo hilo, na ndivyo vilivyoondoka kwenye sahani yake.

Serikali ina jibu lake kwa tatizo hili na kwenye karatasi ni zuri. Tangu kanuni za mwaka 2011 viwanda vya unga wa ngano na mahindi vinatakiwa kuongeza virutubishi, pamoja na chuma. Lakini mama wa Longido hanunui unga wa kiwandani. Ananunua mahindi mnadani kwa debe, anayabeba kwa punda mpaka kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, anasagiwa, anarudi. Mashine hiyo ya dizeli haina mtu wa kuongeza kirutubishi chochote. Mpango umepita juu ya kichwa chake kama ndege ya watalii.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, nchi nzima. Umasaini je? Hapo ndipo unapokwama. Tanzania iliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya ile ya mwaka 1967, kwa sababu za umoja wa kitaifa, na mimi binafsi sipingi uamuzi ule. Lakini una gharama. Takwimu zinatoka kwa mikoa, na mkoa wa Arusha una jiji la Arusha ndani yake, lenye hospitali na masoko ya mboga. Mama wa Sakina na mama wa Endulen wanawekwa kwenye chungu kimoja, wanakorogwa, halafu tunaambiwa wastani wa mkoa ni huu. Wenzetu Kenya wanahesabu makabila na sensa yao ya 2019 ilipata Wamasai karibu milioni 1.2. Sisi tunakisia. Na mtu usiyemhesabu humpangii bajeti.

Turudi kwenye maziwa, maana humo ndimo mwenye habari yake. Wengi tunadhani kwa Wamasai kila kitu ni cha mwanamume. Si kweli kabisa. Ng'ombe kweli, mwanamume ndiye anaamua auzwe au achinjwe. Lakini kila mke anapoolewa anatengewa ng'ombe wa nyumba yake, na maziwa ya ng'ombe hao ni yake. Yeye anakamua, yeye anagawa: hiki cha watoto, hiki cha mume, hiki cha mgeni, hiki cha kugandisha kwenye kibuyu, na kikibaki cha kuuza barabarani hela ni yake. Mwanamume haingii kwenye nyumba ya mkewe akajimiminia maziwa bila kuuliza. Akifanya hivyo ni aibu. Kwa maneno mengine, chakula kilipokuwa maziwa, mwenye ufunguo wa ghala alikuwa mama.

Sasa chakula kimekuwa mahindi. Mahindi hayakamuliwi, yananunuliwa. Ili yanunuliwe lazima mbuzi au ng'ombe auzwe mnadani, na mnadani anakwenda baba. Hela inaingia mfukoni mwa baba. Kati ya mnada na boma kuna bia, kuna vocha, kuna madeni, kuna mke mdogo. Sisemi wanaume wote ni walevi, wapo wanaofika na gunia zima na sukari juu. Nasema ufunguo umehama. Mama ambaye zamani aligawa, sasa anasubiri kugawiwa. Na hakuna mkutano wowote uliokaa ukaamua hivyo, mambo yamekwenda tu yenyewe kadiri ng'ombe walivyopungua.

Ukame ukija inakuwa mbaya mara mbili. Ule wa 2008 na 2009 uliua mifugo vibaya sana Longido, Monduli na Ngorongoro, mpaka serikali ikaja baadaye kugawa ng'ombe wa kifuta machozi. Wa 2021 na 2022 nao ulipita kusini na kaskazini ya mpaka. Wakati kama huo kila mtu anataka kuuza mnyama wake kabla hajafa, bei ya mbuzi inaporomoka, na mahindi yanapanda siku hiyohiyo. Mbuzi aliyekuwa analeta debe kadhaa analeta nusu yake. Watoto wanakula kwanza, wazee na wageni wanapewa heshima yao, na kinachokwaruzwa chini ya sufuria ndicho cha mama.

Haya, sasa nifike kwenye jambo linalowaudhi sana wauguzi. Mama wa Kimasai akifika miezi ya mwisho ya mimba anapunguza kula. Kwa makusudi. Maziwa anaongezewa maji, nyama anakatazwa, mafuta anakatazwa, wengine wanapewa dawa za miti za kutapika. Wanaomsimamia ni mama mkwe na mkunga wa jadi, enkaitoyoni. Akishajifungua hali inageuka, anachinjiwa kondoo, anapewa mafuta na supu, anapumzishwa. Lakini ile miezi mitatu ya mwisho, ambayo mtoto ndiyo anakua haraka, mama anafunga.

Kliniki wanamwambia: kula, mama, kula mboga, kula mayai, unamnyima mtoto. Anaitikia ndiyo, anakwenda nyumbani, anaendelea kufunga. Na watu wa mjini tunasema ujinga, mila potofu, waelimishwe. Semina zimefanyika, posho zimelipwa, mabango yamechapishwa.

Ngoja tumuulize yeye sababu. Sababu yake ni moja na anaijua vizuri: mtoto mkubwa hatoki. Mtoto mkubwa akikwama, hakuna upasuaji karibu, na mama anakufa. Mtoto mdogo anatoka. Akizaliwa mdogo tutamnenepesha kwa maziwa, lakini mama akifa nani atamlea? Jamani, hiyo siyo akili ya mtu mjinga. Ni hesabu ya mtu anayeishi masaa mengi kutoka chumba cha upasuaji. Ongeza na hili: wengi wameolewa wakiwa bado wasichana, nyonga haijakomaa, na wengi walikeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Kovu na nyonga changa vyote vinafanya uzazi uwe mgumu zaidi. (Kuhusu ndoa za utotoni Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15, au hata 14 kwa kibali cha mahakama, ni kinyume cha katiba.) Binti wa miaka 15 anaogopa mtoto mkubwa, na ana haki ya kuogopa.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Mama aliyefunga miezi mitatu anaingia kwenye uchungu hana nguvu na damu yake ni kidogo. Akitokwa na damu baada ya kujifungua, ambacho ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya uzazi, mwenye damu nyingi anavumilia mpaka gari lifike na mwenye damu kidogo havumilii. Amekwepa kifo cha mlango wa mbele kikamkuta mlango wa nyuma. Kwa hiyo muuguzi ana haki, na mama ana haki, na wote wawili wanazungumzia kitu kimoja bila kukitaja: chumba cha upasuaji kiko wapi na damu ya kuongezewa iko wapi. Sogeza hivyo viwili karibu, halafu ndiyo umwambie ale.

Taifa kwa ujumla limepiga hatua hapa, tusinyimane sifa. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015/16 vilishuka mpaka 104 katika ule wa 2022. Vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji. Ndiyo maana kinachotokea Ngorongoro kinauma zaidi, kwa sababu kule mambo yamekwenda kinyumenyume.

Kwa wasiojua: Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959 na kuambiwa Ngorongoro ndiyo kwenu, mtaishi humo na wanyama. Kwa hesabu za serikali walikuwa kama 8,000, sasa ni zaidi ya laki moja, na ng'ombe hawakuongezeka kwa mwendo huo. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku ndani ya hifadhi. Njaa ikabana, mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akaruhusu vishamba vidogo. Kina mama wakalima mahindi, maharage na viazi nyuma ya boma. Mwaka 2009 marufuku ikarudi. Angalia nani kapoteza: bustani nyuma ya boma ilikuwa ya mama, kama maziwa yalivyokuwa yake. Kapoteza kibuyu, kisha kapoteza jembe.

Hospitali ya Endulen, ya Kanisa Katoliki, imewahudumia wafugaji wa huko tangu miaka ya 1970. Na kulikuwa na ndege ndogo za Flying Medical Service, zilizoanza mwaka 1983, zikitua kwenye viwanja vya majani, zikifanya kliniki za mama na mtoto na kuwabeba waliokwama kwenye uchungu. Mwaka 2022 ndege hizo zilisimamishwa, mwaka uleule kuhamishia watu Msomera, wilaya ya Handeni, kama kilometa 600 kutoka hapo, kulipoanza. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2024 ilieleza pia jinsi huduma za Endulen zilivyopunguzwa. Serikali inasema anayehama anahama kwa hiari na kwamba uhifadhi unadai hivyo. Sawa, mjadala wa uhifadhi ni mrefu na una pande zake, na idadi ya watu kweli imeongezeka. Ila mama mwenye uchungu hakai kwenye mjadala. Ukimwondolea ndege na daktari halafu ukamuuliza kama anahama kwa hiari, sijui hiari hiyo tuipe jina gani. Na bila shaka amerudi kwa enkaitoyoni na kwenye kufunga. Hiyo ndiyo bima aliyobaki nayo.

Huko Msomera familia inapewa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari 2.5 na shamba la ekari 5. Maji yapo, shule ipo, zahanati ipo. Ardhi ya kulima siyo jambo dogo kwa watu waliokatazwa jembe tangu 2009. Lakini soma tena: NYUMBA. Moja. Kwa baba wa familia. Mwenye wake watatu je? Bomani kila mke ana nyumba yake, na nyumba hiyo ndiyo haki yake ya ng'ombe na maziwa. Ukiwaweka wote chini ya bati moja hujabana nafasi tu, umefuta mpaka wa ghala la kila mmoja. Kenya walishapitia kitu cha namna hii kule Kajiado walipogawanya ranchi za pamoja. Hati zikatoka kwa majina ya wanaume, wengine wakauza, na wake wakaona lori la mchanga linaingia ndipo wakajua shamba limeuzwa.

Kwa upande wa Eyasi kuna Wahadzabe, watu elfu moja na kidogo tu, ambao mama zao bado wanajitafutia chakula wenyewe: wanachimba mizizi, wanachuma matunda ya porini, wanatwanga ubuyu. Mama wa Kihadzabe haombi mtu chakula, ilimradi pori lipo. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi ya pamoja kule Yaeda Chini, na hati ile imewasaidia kubaki na mizizi yao. Kuwaingilia wanaingiliwa, na wakulima na wafugaji pia. Naam, wafugaji, ndugu zetu haohao tunaowaonea huruma hapa.

Kuna mengine sitayachimba leo, kila moja linataka siku yake. Moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao kope zinageukia ndani, unaowapata zaidi kina mama kwa kuwa wao ndio wanaolala na watoto wenye matongo. Na ugonjwa wa brusela, ambao unatoka kwenye maziwa mabichi na kwa kumzalisha mnyama, na unaweza kuharibu mimba bila mama kujua sababu.

Kilichonipa moyo ni mambo madogo. Kule Loliondo shirika la Pastoral Women's Council, lililoanzishwa mwaka 1997 na Maanda Ngoitiko na wenzake, linawapa kina mama ng'ombe kwa mzunguko, ndama akizaliwa anakwenda kwa mwingine. Ng'ombe ni wa mama kabisa, siyo maziwa tu. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini nao hela yake mara nyingi anapokea mama. Laki za watu wa semina sijaona zikinunua kitu, lakini mtamba mmoja mwenye jina la mama unabadilisha nani anaulizwa jioni kama kuna chakula. Na nyumba ya kungojea kujifungua jirani na hospitali yenye upasuaji, ambako mjamzito anakaa wiki zake za mwisho, inafuta sababu ya kufunga bila hata hotuba moja.

Mwezi Agosti 2024 serikali iliondoa vijiji vya Ngorongoro kwenye orodha, maelfu wakajaa barabarani, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha uamuzi ule mwezi uleule. Desemba Rais Samia akakutana na viongozi wa Kimasai Arusha, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na moja ya zoezi la kuhama. Katika picha za mikutano ya namna hii wazee wenye mashuka mekundu wanakaa mbele. Kina mama wanakaa chini nyuma, na watoto mapajani.

Wadau mliopo Longido, Kiteto, Loliondo, Kajiado na Narok, tuambieni hapo chini: wiki hii mbuzi mmoja mnadani kwenu ananunua madebe mangapi ya mahindi? Na kutoka bomani kwenu mpaka kwa daktari wa kupasua ni masaa mangapi, na usafiri unalipia nani?